Kuhamia Nyumbani

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba uliacha chuo kikuu, hakuulizi kwa nini. Anakuuliza chuo gani. Akishajua ni kipi ndipo anaamua akuhurumie kiasi gani. Mimi nina majibu mawili ya swali hilo, na nimeshazoea kuona kila jibu linavyobadilisha uso wa mwulizaji. Nikitaja chuo cha kwanza, uso unalegea: aah, basi hukupoteza mengi. Nikitaja cha pili, Chuo Kikuu cha Nairobi, mtu anashika kichwa. "UoN? Na ulihamia hapo mwenyewe, halafu ukaacha?"

Eeh, nilihamia mwenyewe. Nilijaza fomu, nikangoja karibu mwaka mzima, nikaanza mwaka wa kwanza upya. Tangu wakati huo nimeandika vitu vingi vya watu wengine lakini hiki sijawahi kukiandika, labda kwa sababu kila ninayemsimulia hunimalizia hadithi kabla sijafika katikati.

Nilifanya KCSE mwaka 2017. Mwaka huo watahiniwa walizidi 600,000, na waliopata C+ na kwenda juu, yaani alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa kama 70,000 tu. Nafasi vyuoni zilikuwa nyingi kuliko sisi, kwa hivyo kila mwenye C+ angeweza kupata mahali kupitia serikali. Hakuna aliyekuwa na shaka kama ataenda. Swali lilikuwa atapelekwa wapi.

Hapo ndipo KUCCPS inapoingia, ile taasisi iliyorithi kazi ya JAB chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kila kijana wa Form Four Kenya anaijua hesabu yake kuliko anavyoijua Sala ya Bwana. Unachukua pointi za masomo manne ambayo kozi inayataka, unagawanya kwa 48. Unachukua jumla ya masomo yako saba, unagawanya kwa 84. Unazidisha hizo mbili, unatafuta kipeuo cha pili, unazidisha kwa 48. Mimi nilikuwa na 40 na 69. Ukipiga inakuja 39.7. Hiyo ndiyo hesabu ya kalamu tuliyopeana mtaani. Ya mfumo wenyewe hutofautiana kidogo, lakini usiku ule matokeo yalipotoka niliilalia hiyo 39.7 kama mto.

Nilikuwa nimeweka sheria kwenye chaguo la 1a, 1b na 1c, kwa sababu msichana wa Mutuini aliyepata B+ huambiwa na kila mtu kuanzia mwalimu hadi kondakta kwamba atakuwa wakili. Sheria ikanipita kwa desimali. Mfumo ukateremka nami ngazi kwa ngazi hadi chaguo la nne, shahada ya sanaa, chuo ambacho nilikuwa nimekijaza ili nafasi isibaki wazi.

Hicho sitakitaja jina. Hakikunikosea kitu, ila nitasema mambo ambayo hayatakifurahisha. Kilikuwa kimoja kati ya vyuo vichanga vilivyopewa hati na Rais Kibaki mwanzoni mwa 2013, wakati vyuo vishiriki vilipokuwa vikigeuzwa vyuo vikuu kamili kwa mfululizo. Kwa basi ni kama saa sita. Nilifika Septemba 2018 na lile sanduku langu la shule ya bweni na blanketi zito alilonipa shosho. Maktaba ilikuwa ukumbi mmoja, na kitabu ulichokitaka kilikuwa kimeazimwa na mtu aliyehitimu nacho. Maji ya mfereji yalikuja siku mbili kwa wiki. Nilipanga chumba nje ya geti na msichana wa Kitui, shilingi 2,500 kwa mwezi, kila mtu nusu yake.

Lakini Jumamosi ya kwanza niliamka saa mbili asubuhi. Nikalala pale nikisikiliza. Hakuna aliyekuwa akiniita. Nilikuwa na miaka kumi na minane na sikukumbuka kuamka saa mbili hata siku moja maishani, isipokuwa nikiwa mgonjwa.

Ili uelewe hilo ni lazima uijue Mutuini. Ni wadi ya Dagoretti Kusini, ukingo wa magharibi wa Nairobi, pale jiji linapochoka kuwa jiji. Kuna nyumba za kupanga za mabati zilizopangwa kama mabehewa, halafu ghafla kuna shamba la napia na ng'ombe wawili, halafu ghorofa ambalo halijaisha tangu nikiwa darasa la nne. Ukipanda mbele kidogo uko Dagoretti Market, kwenye vichinjio. Nyama nyingi inayoliwa Nairobi hupitia hapo. Inayobaki baada ya nyama ndiyo iliyotulea sisi. Mama huchukua matumbo kichinjioni alfajiri, na jioni huuza mutura na supu stejini. Kati ya alfajiri na jioni kuna kazi ambayo mteja haioni: kugeuza utumbo ndani nje, kuukwangua, kuumwagia maji moto, kuuosha mara tatu, mara nne, hadi maji yatoke meupe, halafu kukatakata nyama, vitunguu, dhania na pilipili, kuchanganya na damu, kujaza, kufunga, kuchemsha. Ukiwa binti wa kwanza, hiyo ndiyo saa yako ya kuamka. Hakuna ubaya ndani yake. Mama hajawahi kunichapa kwa ajili ya matumbo, wala hajawahi kunishukuru, kwa sababu mtu hashukuru mkono wake wa kulia.

Kule mbali nilikuwa mwanafunzi siku nzima. Darasa letu la fasihi lilikuwa na watu kama arobaini na mwalimu alitujua kwa majina. Alitutuma tukakusanye hadithi kwa wazee wa pale mjini, na niliporudi na kurasa zangu alizisoma zote akaandika pembeni kwa penseli: "Hapa unaogopa. Endelea." Sijapata mhariri mzuri kuliko yule, na sasa nalipwa na wahariri.

Basi kwa nini niliondoka?

Aibu, kwanza. Nisijifanye. Grupu ya WhatsApp ya darasa letu la Form Four ilikuwa imejaa picha za geti: UoN, KU, JKUAT, Strathmore. Mimi nilikuwa natuma picha za machweo. Krismasi, anko wangu mmoja aliniuliza mbele ya watu, na mguu wa mbuzi mkononi, "Hicho ni chuo ama ni ile poli ya zamani walipaka rangi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Lakini kulikuwa na kitu kingine pia, na hiki bado nakitetea. Nilikuwa nimesoma kuhusu mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipoandika waraka pale Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza iondolewe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Nilitaka kukaa kwenye vyumba vile. Nilijua pia kwamba Mĩcere Gĩthae Mũgo alisoma Alliance Girls, pale Kikuyu, majirani zetu kabisa, kisha mwaka 1961 akaingia Limuru Girls iliyokuwa shule ya Wazungu, na miaka baadaye akawa mkuu wa kitivo Nairobi. Kichwani mwangu kuhama kulikuwa na sura yake. Mtu anatoka alipo, anaenda panapomkataa, anakaa.

Dirisha la uhamisho hufunguliwa kwa muda mfupi. Unaingia kwenye tovuti, unachagua kozi na chuo unachotaka, unalipa ada. Sharti kubwa ni moja: pointi zako zifikie zile za mtu wa mwisho aliyechukuliwa kwenye kozi hiyo mwaka wenu. Zangu zilifika na kupita. Kisha chuo chako kikubali kukuachilia, na kile kingine kikubali kukupokea. Unangoja. Mimi nilingoja hadi mwaka wa kwanza ukaelekea kuisha, na jibu lilipokuja masomo niliyokuwa nimefanya hayakulingana na ya Nairobi, kwa hivyo ningeanza upya.

Nilimpigia mama. Akasema, "Mungu ni mwema, mami. Sasa utakuwa unalala nyumbani."

Nilisikia ile nusu ya kwanza tu.

Septemba 2019 niliingia geti la University Way. Ilikuwa kama nilivyotaka. Nilikaa kando ya ile chemchemi ya maarifa nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu. Nikaenda Maktaba ya Jomo Kenyatta Memorial nikapita katikati ya rafu bila kutafuta kitu, nikigusa migongo ya vitabu tu. Anko akanitumia mia tano kwa M-Pesa bila kuombwa. Shosho akawaambia watu kanisani.

Kuhusu hosteli hatukujadili. "Hosteli ya nini na kwenu ni hapa?" mama alisema, na kwa kweli hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angembishia. Karo ya serikali ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka, juu yake ada ndogondogo, na mkopo wangu wa HELB ulikuwa 40,000. Kuongeza kitanda mjini huku kitanda changu kiko Mutuini kungekuwa anasa.

Basi siku yangu ikawa hivi. Saa kumi na nusu alfajiri, matumbo. Saa kumi na mbili, matatu, ambayo inasota Naivasha Road, inakwama Kawangware, inakwama tena Dagoretti Corner, inaniteremsha mjini saa mbili kasoro nikinuka sabuni ya kipande na kitu kingine ambacho sabuni ya kipande haikiondoi. Darasa. Darasa lingine, kwenye ukumbi wenye watu mamia, mhadhiri akiwa na kipaza sauti. Saa tisa niko njiani kurudi, kwa sababu saa kumi na moja jioni makaa lazima yawe yameshika. Wenzangu walikuwa wakienda maktaba jioni. Vikundi vya majadiliano vilikutana jioni. Klabu, mashairi pale Kenya National Theatre, ambayo iko ng'ambo ya barabara tu kutoka chuoni, yote ilikuwa jioni. Nilikuwa kwenye chuo bora kuliko kile cha kwanza kwa kila kipimo unachoweza kuandika, na nilikitumia kati ya saa mbili asubuhi na saa nane unusu.

Hakuna aliyenilazimisha. Hilo ndilo watu hawaelewi nikiwasimulia. Wanatafuta mtu mbaya. Ukiishi saa sita kutoka nyumbani, nyumbani hujipanga bila wewe. Mama alikuwa amemwajiri kijana mmoja nilipokuwa mbali, akimlipa mia mbili kwa siku. Niliporudi alimwachisha. Ni hesabu rahisi kuliko ile ya KUCCPS. Nikitoka na begi alfajiri bila kugusa karai, mia mbili zinatoka kwenye sufuria yetu wenyewe.

Kisha Machi 2020. Vyuo vikafungwa, na tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Waliosimulia mambo ya kafyu hawakuwataja watu wa mutura, kwa hivyo niwataje mimi. Mutura huliwa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, na mtu anayetoka kazini. Ukiondoa saa hizo umeondoa biashara. Tulijaribu kuuza mchana. Nani hula mutura saa sita mchana, amesimama juani na barakoa kidevuni? Masomo yakahamia intaneti. Nilisikiliza mihadhara kwa simu iliyoegemezwa kwenye mkebe wa chumvi, bando ikiisha katikati ya sentensi. Nyakati za kafyu zilibadilishwa mara kadhaa, na haikuondolewa kabisa hadi Oktoba 2021. Kufikia hapo deni la karo lilikuwa limepita kile tungeweza kukichanga, na mimi nilikuwa nimeacha kuingia darasani miezi minane iliyopita. Sikuaga mtu. Kwenye ukumbi wa watu mamia unamuaga nani?

Rafiki yangu wa Kitui alibaki kule. Kafyu ilimkuta hukohuko, akauza ndazi kwa majirani wa ploti, akarudi darasani chuo kilipofunguliwa, akahitimu. Kila mtu akinisikia hufika hapo akasema: unaona, ungebaki. Sijui kama ningebaki ningemaliza. Yeye ana mama mwenye duka na dada watatu wakubwa. Pointi zake zilikuwa 36 na kitu.

Kazi niliyopata baada ya hapo ni ile ambayo vijana wengi wa Nairobi wanaijua na hawaitaji mezani kwa mzazi: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo. Imeongelewa hadi ikatengenezewa filamu, *The Shadow Scholars*, mwaka 2024. Mwenye akaunti anapokea oda kutoka Marekani au Uingereza, anakugawia, wewe unaandika usiku, analipwa kwa dola, unalipwa kwa shilingi. Mimi nilikuwa nikipata mia tatu kwa ukurasa. Niliandika kuhusu uuguzi, kuhusu Shakespeare, kuhusu usimamizi wa ghala. Na siku moja ikaja oda ya namna ambayo sikuwa nimeiona.

Kijana alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza kwenye chuo fulani cha kwao na alitaka kuhamia kingine, kigumu kuingia. Huko hawatumii kipeuo cha pili peke yake. Pamoja na alama, wanamtaka mwombaji aeleze kwa nini anahama, na anatafuta nini ambacho hakukipata alipo, kwa maneno yasiyozidi 650. Nikapewa jina lake, kozi yake, mistari mitano ya maisha yake na saa kumi na mbili.

Nilikaa na swali hilo usiku mzima. Si kwa sababu lilikuwa gumu. Ni kwamba niliposajiliwa, nilipopangwa, nilipohama, nilipoanza upya, hata nilipopotea, hakuna fomu, ofisi wala mtu aliyewahi kuniuliza. Mfumo wetu ulitaka kujua kama nimefika. Na ninaelewa sababu. Swali kama hilo Kenya lingejibiwa na wenye ankoo walio kwenye bodi. Afadhali namba, namba haina anko. Naamini hivyo hadi leo. Lakini laiti mtu angeniuliza Septemba ile, "Unahama kwa nini, na huko unakoenda utakuwa unalala wapi?" labda ningejisikia nikijibu.

Nilimwandikia yule kijana maneno 648. Nikamwambia mwombaji, ambaye alikuwa yeye, kwamba alipo sasa mwalimu anamjua kwa jina na hilo litamuuma kuliacha. Kwamba anatafuta maktaba ambayo hataimaliza. Kwamba anajua gharama. Mwenye akaunti akanirudishia ujumbe: mteja amesema ni nzuri lakini haifanani na yeye, punguza huzuni. Nikapunguza. Nililipwa kurasa mbili na nusu. Sikujua kama alikubaliwa. Miezi michache baadaye niliacha kazi ile, macho yalikuwa yanauma, nikaanza kutafsiri na kuandika chini ya jina langu, ambako malipo ni madogo zaidi lakini huzuni hairudishwi.

Mdogo wangu alifanya KCSE mwaka 2024. Amenipita: A-. Zamu yake ilikuja na mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023, ule wa kupimwa umaskini wa familia na kuwekwa kwenye kundi. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba haupatani na Katiba, halafu Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo, kwa hivyo ilibidi tujaze fomu ya kueleza tunapika kwa nini na tunaishi na watu wangapi. Tulijaza usiku mmoja, sisi wawili, kwenye laptopu yangu isiyo na herufi ya "u".

Machaguo ya chuo alikuwa ameyaandika kwenye daftari. Pointi zake zingemwingiza Nairobi bila kubisha hodi. Juu kabisa alikuwa ameandika Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi.

Nikamuuliza kwa nini.

"Si ni mbali?" akasema, bila kuinua macho, kama mtu anayetaja bei.

Mama tulimwambia stejini jioni iliyofuata, kwa sababu akiwa na makaa mbele yake husikiliza vizuri zaidi. Alikuwa akimkatia mteja wa thelathini. Alimaliza, akatia kachumbari, akapokea pesa.

"Kwani hapa Nairobi hiyo kozi hakuna?"

"Iko, mum."

Akaigeuza mutura upande wa pili. Mafuta yakadondoka, moto ukaruka, akaurudisha chini kwa maji kidogo ya kiganja. Akaniangalia mimi, si yeye. Kwenye karai nyuma yake kulikuwa na matumbo ya kesho.

"Mpaka Kilifi ni pesa ngapi?"

Nikamwambia treni ya kawaida hadi Mombasa ni 1,500, kisha kuna matatu.

"Kwenda tu?"

"Kwenda tu."

Mteja mwingine akafika, akataka ya hamsini, isiyo na pilipili.